Mkono Mmoja, Mikono Mingi

Utetezi wa kwanza ambao mtoto hujifunza ni neno moja tu: "Sikukusudia." Kikombe kimevunjika, mdogo wake analia, na kabla hajaulizwa lolote mtoto ameshaweka mbele ya mzazi hoja ambayo mahakama zimeihangaikia kwa karne nyingi. Hakani tendo, anaukana moyo uliolitenda. Mzazi asiyewahi kufungua kitabu cha sheria huielewa hoja hiyo mara moja. Pengine huipunguza adhabu, pengine huisamehe, pengine huuliza swali lililo gumu zaidi: "Hukuona kwamba kingevunjika?" Humo mna sehemu kubwa ya sheria ya jinai inayohusu kumdhuru mwenzio: kilichotokea, kilichokusudiwa na kilichoonekana mapema kwamba huenda kikatokea.

Je, uzito wa kosa la kumwumiza mtu ukae katika jeraha au katika nia? Swali hili la kale linaonekana kuwa na majibu mawili tu. Hata hivyo, ndani ya sheria yenyewe limejificha neno la tatu, dogo na lisiloangaliwa sana, ambalo ndilo huamua nani atasimama kizimbani na nani hatasimama kabisa.

Kilburn High Road, kaskazini-magharibi mwa London, ni mahali pafaapo kuanzia. Barabara hiyo inafuata njia iliyojengwa na Warumi. Upande wake mmoja uko chini ya halmashauri ya Camden na upande wa pili chini ya Brent, ile Brent ambako familia nyingi za Waasia waliotoka Kenya na Uganda zilikwenda kuanza maisha upya katika miaka ya 1960 na 1970. Kilburn yenyewe ilijulikana zaidi kwa Waayalandi, watu wa kazi za ujenzi, na kwa baa zao. Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Nje ya baa mojawapo, usiku wa Jumamosi, wanaume wawili wanabishana, na mmoja anampiga mwenzake ngumi moja ya uso. Ngumi ni ile ile, hasira ni ile ile. Lakini mwisho wake unaweza kuwa wa namna tatu. Aliyepigwa anavimba mdomo na kurudi nyumbani. Au anavunjika taya vibaya na kulazwa hospitalini. Au anaanguka, kichwa kinagonga ukingo wa barabara, na kabla ya alfajiri amefariki.

Sheria ya Uingereza inayotawala mambo hayo mawili ya kwanza ilitungwa mwaka 1861, na bado inatumika. Kifungu chake cha 47 kinahusu shambulio la kudhuru mwili, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka mitano. Kifungu cha 20 kinahusu kujeruhi au kusababisha madhara makubwa, na adhabu yake ya juu pia ni miaka mitano. Kifungu cha 18 kinahusu kujeruhi au kusababisha madhara makubwa kwa kukusudia madhara makubwa hayo, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa hiyo kati ya kifungu cha 20 na cha 18 jeraha laweza kuwa lile lile hasa, taya ile ile iliyovunjika. Kinachomtenga mtu wa miaka mitano na mtu wa maisha ni kile upande wa mashtaka unachoweza kuthibitisha kuhusu moyo wake.

Majaji wamejaribu kuyapa maneno hayo mipaka. Jeraha, kwa maana ya sheria hiyo, ni lazima lipasue tabaka zote za ngozi. Ndiyo maana mwaka 1830 mtulinga uliovunjika bila ngozi kuchanika haukuhesabiwa kuwa jeraha, na katika hukumu iliyoripotiwa mwaka 1984 damu iliyovuja ndani ya jicho haikuhesabiwa pia. Madhara makubwa ni madhara yaliyo makubwa kweli, wala si lazima yahatarishe uhai. Mwaka 1997 ilikubaliwa kwamba yaweza kuwa ya akili pia, na mwaka 2003, katika kesi iliyohusu mtoto mchanga, kwamba ukubwa wake hupimwa kwa mwili wa aliyeumizwa, kwani pigo dogo kwa mtu mzima ni kubwa kwa mtoto. Kuhusu moyo, mwaka 1991 ilithibitishwa kwamba kifungu cha 20 hakidai mtu awe alitazamia madhara makubwa. Yatosha alitambua kwamba huenda madhara fulani yakatokea, hata madogo, naye akaendelea. Kifungu cha 47 hakidai hata hilo.

Mtu wa tatu, yule aliyekufa kwa ukingo wa barabara, anaitoa kesi nje ya sheria ya 1861 na kuiingiza katika kuua bila kukusudia. Mpigaji hakutaka kifo wala hakukifikiria. Jirani yake, aliyepiga ngumi ile ile juma lililopita na mpigwaji wake akaangukia nyasi, yuko nyumbani anakunywa chai. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliliweka fumbo hili wazi katika maandishi yaliyosomwa sana: kama lawama humfuata mtu kwa yale aliyo na uwezo nayo tu, basi nyasi na saruji hazipaswi kuongeza wala kupunguza hatia. Hata hivyo, hakuna mama wa marehemu atakayekubali kwamba wanaume hao wawili walifanya kitu kimoja.

Sheria nyingine nazo zimechora mistari yake juu ya mwili. Katika fikihi iliyosomwa kwa muda mrefu pwani ya Afrika Mashariki, jeraha la kichwa au la uso linalofunua mfupa lina thamani yake: ngamia watano kati ya mia moja wa dia kamili. Nayo fikihi hiyo haikusahau moyo, kwani hutenganisha kusudi, kinachofanana na kusudi, na kukosea. Kanuni za adhabu ambazo Waingereza walizileta Kenya na Tanganyika mwaka 1930 zinataja kilema, kovu la kudumu, na kudhurika kwa kiungo cha ndani au cha nje. Fomu ya polisi ambayo majeruhi hupelekea daktari, PF3 kwa Watanzania na P3 kwa Wakenya, ndiyo mlango wa kanuni hizo: bila karatasi hiyo kesi ya kupigwa huanza ikiwa na mguu mmoja. Lakini dada hao wawili, waliozaliwa na mama mmoja, hawakulingana. Kumsababishia mtu madhara makubwa bila kuthibitishwa kusudi maalumu, Tanzania adhabu ya juu ni miaka saba. Kenya ni kifungo cha maisha. Huyu amelipa uzito jeraha, yule ameacha nafasi kubwa zaidi kwa nia.

Ni rahisi kuicheka mizani hii. Ni rahisi vilevile kusahau kwa nini nia iliwekwa humo. Sharti la nia ni ngao ya mnyonge. Mtu mwenye nguvu anapoumizwa, haja yake ya kwanza ni kupata wa kulipa. Sheria humwambia asubiri mpaka ithibitike, pasipo kuacha shaka ya maana, kwamba aliyekamatwa alifanya, na kwamba alifanya kwa moyo unaostahili lawama. Palipo na umati wenye hasira sharti hilo huwekwa kando, na mtu anayepigiwa kelele za mwizi sokoni hulipa kwa maisha yake kabla hajaulizwa jina. Kwa hiyo ukosoaji wowote wa mizani hii uanze kwa heshima.

Udhaifu wake uko mahali pengine. Mizani hii imetengenezwa kwa ngumi ya nje ya baa: mkono mmoja, moyo mmoja, mwili mmoja. Madhara makubwa kuliko yote ambayo binadamu hutendeana hayafanywi hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wala hakivunji mahabusu.

Barabara hiyo hiyo ya Kilburn ina jumba la michezo ya kuigiza, ambalo sasa linaitwa Kiln na kabla ya mwaka 2018 liliitwa Tricycle. Chini ya mkurugenzi wake Nicolas Kent, jumba hilo lilijipatia jina kwa michezo isiyotungwa. Mwandishi wa habari Richard Norton-Taylor alichukua kumbukumbu za tume za uchunguzi na kuzifupisha, na waigizaji wakasema jukwaani maneno yale yale yaliyosemwa na mashahidi. Mwaka 1999 ulichezwa mchezo uliotokana na uchunguzi wa jinsi polisi walivyoshughulikia mauaji ya Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyechomwa kisu na kundi la vijana weupe tarehe 22 Aprili 1993 huko Eltham, kusini-mashariki mwa London. Mwaka 2011 ukaja mchezo mwingine, uliotokana na uchunguzi wa kifo cha Baha Mousa.

Baha Mousa alikuwa mpokeaji wageni katika hoteli moja mjini Basra, Iraki. Alikuwa na umri wa miaka 26. Wanajeshi wa Uingereza walimkamata yeye na wenzake Septemba 2003, wakawafunika vichwa kwa mifuko, wakawalazimisha kukaa katika mikao ya mateso, wakawapiga. Kiasi cha saa thelathini na sita baadaye alikuwa maiti yenye majeraha 93. Kufunika vichwa ni mbinu ambayo wazee wa Kiayalandi wa Kilburn wangeitambua, kwa kuwa ilitumiwa kwa mahabusu wa Ayalandi ya Kaskazini mwaka 1971, na serikali ya Uingereza ikatangaza bungeni mwaka 1972 kwamba haitatumiwa tena katika mahojiano.

Wanajeshi saba walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mmoja, koplo, alikiri kosa la kuwatendea mahabusu unyama, akafungwa mwaka mmoja. Shtaka la kumwua Baha Mousa bila kukusudia halikumtia hatiani, na wenzake wote walitoka huru. Jaji alieleza kwamba wengi waliohusika hawakushtakiwa kwa sababu ushahidi dhidi yao haukupatikana, askari wakiwa wamefungiana milango ya siri zao. Uchunguzi wa Sir William Gage, uliotoa ripoti yake Septemba 2011, ulionyesha kwamba wapigaji walikuwa wengi na kwamba jeshi lenyewe lilikuwa limeisahau marufuku yake. Majeraha yalihesabika mpaka la 93. Mikono haikuhesabika. Mizani ya jinai ilitaka kujua jeraha gani, mkono gani, moyo gani. Na kila jeraha lilipokosa mkono wake, jumla ya majeraha yote ikakosa mwenyewe.

Msomaji wa Afrika Mashariki haoni jambo geni hapo. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, mahabusu 85 waliokataa kazi walitolewa kwenda shambani huku wakizingirwa na askari wenye marungu. Walipokataa kulima, walipigwa. Kumi na mmoja walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji. Daktari wa maiti akaona vingine, na hakimu W. H. Goudie, aliyesimamia uchunguzi wa vifo hivyo, akakubali kwamba waliuawa na vipigo. Lakini alisema pia kwamba haikuwezekana kuthibitisha ni mapigo yapi yalikuwa ya haki na yapi hayakuwa, wala nani alimpiga nani. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo.

Maneno hayo, "mapigo yapi yalikuwa ya haki," yasipitwe haraka. Ndilo neno la tatu. Kifungu cha 18 na cha 20 vya mwaka 1861 vinaanza na sharti ambalo wanafunzi wa sheria hulisoma mbio: tendo liwe limefanywa bila ya haki. Kanuni za 1930 zina sharti hilo hilo. Nje ya baa ya Kilburn, sharti hilo humlinda anayejihami. Kambini lilifanya kazi nyingine. Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni la Kenya, Eric Griffith-Jones, alikuwa ameshatofautisha kwa maandishi nguvu ya kumlazimisha mahabusu atii, iliyoruhusiwa, na nguvu ya kumwadhibu, iliyokatazwa. Mpango uliowapeleka mahabusu shambani ulikuwa umeandikwa na ofisa wa magereza na kupelekwa kwa wakubwa kabla ya siku ile. Kwa hiyo, rungu lilipoinuliwa Hola, haki yake ilikuwa imeshaandaliwa ofisini. Kati ya mambo matatu ambayo kosa hudai, yaani jeraha, nia na ukosefu wa haki, mawili ya kwanza hutafutwa katika miili na mioyo ya watu. La tatu huandikwa na serikali. Mwenye kulimiliki neno hilo ana uwezo wa kuondoa kosa kabla halijatendwa.

Mtu aweza kujibu kwamba hakimu hakuwa na la kufanya, kwamba sheria haijui kuhukumu umati. Jibu hilo halisimami. Sheria ina chombo cha kazi hiyo, nacho ni nia ya pamoja. Chombo hicho kilikuwamo katika kanuni za 1930, na wakati wa hali ya hatari ya Kenya mahakama za koloni hazikuogopa umati: baada ya mauaji ya Lari ya Machi 1953, washtakiwa waliletwa mbele ya hakimu kwa makundi, na makumi kati yao wakanyongwa. Uingereza kwenyewe, tangu hukumu moja ya mwaka 1984 iliyotokana na rufaa ya Hong Kong, kijana aliyefuatana na wenzake katika uhalifu aliweza kutiwa hatiani kwa kuua ikiwa tu alitambua kwamba mmoja wao huenda akaua au akaumiza vibaya kwa kusudi. Haikuwa lazima yeye mwenyewe awe ametaka. Mwaka 2016, katika kesi ya Jogee, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikiri kwamba sheria ilikuwa imepotea njia kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwamba kutambua ni ushahidi wa nia, si nia yenyewe.

Hapo ndipo upogo wa mizani unapoonekana. Kwa kijana wa mtaani, kutambua tu kulitosha kuitwa nia. Kwa ofisa aliyeandika mpango wa kuwalazimisha kwa nguvu watu wasiotaka, na kwa wakubwa walioupokea, kutambua hakukuitwa chochote. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tiba haiko katika kuilegeza ngao ya nia. Kumfunga kila askari aliyekuwa Basra au Hola, apige asipige, kungekuwa kurudia kosa la Lari kwa sare tofauti. Wala si haki kumwachia askari wa chini peke yake mzigo wa mpango asioutunga. Kinachodaiwa na maadili ni kwamba nia itafutwe pale ilipo. Mtu mmoja anapopiga, nia iko moyoni mwake, na mahakama huisoma kwa shida kutoka katika mkono wake. Watu wengi wanapopiga kwa amri, nia mara nyingi haifichwi moyoni kabisa. Imeandikwa. Iko katika barua, katika mpango wa kazi, katika waraka uliosomwa na kutiwa saini, au katika marufuku iliyojulikana na kuachwa isahaulike. Ni nia iliyo rahisi kuthibitisha kuliko ya mlevi wa Jumamosi, na swali la mzazi, "Hukuona kwamba kingevunjika?", huijia ikiwa na jibu mkononi: aliona, aliandika, akaendelea.

Hilo lilionekana mwaka 2011 huo huo ambao Kilburn ilikuwa ikitazama mchezo wa Baha Mousa. Katika Mahakama Kuu ya London, wazee kutoka Kenya walikuwa wakidai kusikilizwa kuhusu mateso ya kambi za miaka ya 1950. Miongoni mwao alikuwamo Wambugu wa Nyingi, aliyenusurika Hola. Mwaka 2012 Jaji McCombe aliamua kwamba kesi inaweza kuendelea ingawa nusu karne imepita, na sababu mojawapo ilikuwa wingi wa nyaraka: serikali ya koloni ilikuwa imeandika sana. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Lakini mara hii karatasi za mtenda nazo hazikusahau. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza majuto yake na malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, bila kukubali kwamba inawajibika kisheria.

Ilikuwa kesi ya madai, si ya jinai. Fidia ilitolewa na dola, kwa fedha za walipa kodi ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Kwa hiyo swali la jinai, nani alitenda na kwa moyo gani, halijajibiwa, na sasa wahusika wengi hawako tena duniani kulijibu. Mwanamume wa Kilburn aliyepiga ngumi moja huulizwa swali hilo asubuhi ya Jumatatu, na ni haki aulizwe. Sheria inayoweza kumsoma yeye moyo kwa makini kiasi hicho haina udhuru wa kutojua kusoma waraka.